Kupanga vichwa vya risasi kwa bunduki ya shabaha: mizani haioni upande

Swali ni lile lile kila mara: "Nimepima vichwa vyangu vyote, uzito ni mmoja hadi tarakimu ya mwisho, mbona matundu bado yametawanyika kwenye karatasi?" Likijibiwa, la pili linafuata: ninunue kifaa gani?

Jibu la swali la kwanza ni fupi. Mizani inakwambia kichwa kina uzito kiasi gani, lakini haikwambii uzito huo umekaa upande gani. Vichwa viwili vyenye gramu zile zile vinaweza kutofautiana kabisa, kimoja kikiwa na jaketi (gamba la nje la kichwa) lenye ukuta sawa pande zote na kingine kikiwa na ukuta mnene kushoto na mwembamba kulia. Jibu la swali la pili ni refu kidogo, na kwa wengi wenu ni "usinunue chochote bado".

Tuelewane kwanza: hapa kichwa ni ile sehemu inayoruka tu. Risasi nzima ni kichwa, ganda, baruti na fataki kwa pamoja.

Kinachotokea mdomoni mwa mtutu

Nadharia ni kidogo, lakini bila hiyo hatua za mbele hazitaeleweka. Jaketi la kichwa cha mashindano kwa kawaida ni aloi ya shaba na zinki, mara nyingi asilimia 95 kwa 5. Linaanza kama kikombe kifupi, linavutwa kwenye kalibu hadi lirefuke, kisha kiini cha madini ya risasi kinashindiliwa ndani yake. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya aloi ina gramu 8.9 hivi. Kwa hiyo ukuta wa jaketi ukinenepa upande mmoja, kiini kizito kinasogea upande wa pili, na kitovu cha uzito hakiko tena katikati ya umbo.

Kichwa kikiwa ndani ya mtutu hakina hiari: kuta zimekibana, kinazunguka kwa kufuata katikati ya umbo lake. Kikitoka tu, kinaanza kuzunguka kwa kufuata kitovu cha uzito. Kitovu hicho kilikuwa kinachora duara dogo ndani ya mtutu, na kwenye mdomo kinaachiwa kiende upande kilikokuwa kinaelekea sekunde hiyo. Mzunguko wenyewe si mchezo: kichwa cha mita 850 kwa sekunde kwenye mtutu ambao mifereji yake ya ndani inasokota mara moja kila milimita 254 kinazunguka takriban mara 200,000 kwa dakika.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha 6.28 kwa umbali ambao kitovu kimehama, gawanya kwa urefu wa msokoto mmoja wa mtutu, vyote kwa milimita. Zidisha jibu kwa umbali wa shabaha. Kitovu kikihama milimita 0.0025 tu kwenye msokoto wa 254, kichwa kitakwenda pembeni milimita 6.2 kwenye mita 100. Angalia kwamba kasi haimo kwenye hesabu hiyo. Kuongeza mwendo hakusaidii wala hakuharibu, kwa sababu mzunguko unapanda sambamba na mwendo.

Msokoto ndio wenye neno. Kitovu kile kile kilichohama 0.0025 kwenye mtutu wa msokoto wa milimita 356 kitaleta milimita 4.4, na kwenye 203 kitaleta 7.7. Ndiyo maana wapigaji wa mezani (wanaoshindana bunduki ikiwa imelazwa juu ya meza) wanaotumia risasi ya aina ya 6 mm PPC hupenda msokoto wa taratibu, wa inchi 13.5 au 14, na vichwa vifupi vya gramu 4 na ushee. Wanaotaka vichwa virefu vya masafa hawana uchaguzi huo. Wanahitaji msokoto wa kasi ili kichwa kisimame imara hewani, kwa hiyo ubora wa jaketi unawahusu zaidi.

Hili si jambo jipya. Daktari Mmarekani, Franklin W. Mann, alishaonyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba kichwa kilichoharibiwa msawazo kwa makusudi kinakwenda upande unaoweza kutabirika.

Je, kazi hii inakuhusu?

Hapa ndipo wengi wanapopoteza muda na fedha. Vyanzo vya mtawanyiko havijumlishwi moja kwa moja, vinajumlishwa kwa vipeo vyake vya pili. Tuseme vichwa vyako pekee, vikipigwa na bunduki isiyo na kasoro, vingetengeneza kundi la matundu lenye upana wa milimita 8 kwenye mita 100. Kama bunduki yako pamoja na wewe mnapiga kundi la milimita 25, ukipata vichwa vyenye msawazo kamili utashuka hadi 23.7. Hutaiona tofauti hiyo hata ukipiga mwaka mzima. Lakini kama kundi lako ni milimita 10, vichwa hivyo vinakushusha hadi 6, na hapo umebadilika kuwa mshindani mwingine kabisa.

Maoni yangu: ukiwa juu ya milimita 20 kwenye mita 100, funga ukurasa huu, kaza skrubu za darubini, jifunze kusoma upepo na kubonyeza kifyatulio vizuri. Rudi baadaye.

Mahitaji

- Kibali halali cha silaha na uwanja wa shabaha wenye msimamizi. Kinga ya macho na ya masikio.
- Vichwa vya toleo moja, angalau 100.
- Mizani ya dijitali inayosoma grein 0.1 (takriban miligramu 6.5) au ndogo zaidi, pamoja na uzito wake wa kuhakikishia.
- Kalipa ya dijitali, na kile kipande chenye tundu kinachofungwa kwenye kalipa kupima kutoka kitako hadi kwenye mkunjo wa pua (pale kichwa kinapoanza kuchongoka).
- Geji ya saa inayosoma milimita 0.0025 au chini ya hapo, na kitalu cha chuma chenye mfuo wa V cha kulazia kichwa.
- Lenzi ya kukuza, kalamu ya alama isiyofutika, daftari.
- Meza imara, mifuko ya mchanga mbele na nyuma, na angalau bendera mbili za upepo.

Kwa vichwa vilivyochongwa kwa shaba tupu, visivyo na kiini, suala la jaketi halipo. Fanya hatua za ukaguzi wa nje tu.

Hatua

1. Jua unapoanzia. Kabla ya kugusa kipimo chochote, piga risasi 20 kwenye mita 100 kwa vichwa vile vile ambavyo hujavichagua, makundi manne ya tano tano. Usitupe hata tundu moja kwa kisingizio kwamba "lile liliponyoka". Kama hukulitaja kabla ya kuangalia karatasi, ni lako. Tafuta katikati ya matundu yote 20, pima umbali wa kila tundu kutoka hapo, kisha chukua wastani. Namba hiyo ni bora kuliko upana wa kundi, maana inatumia matundu yote badala ya mawili ya pembeni. Upana wa kundi la risasi tano unayumba sana: bunduki ya wastani wa milimita 20 inaweza kutoa kundi la 14 na dakika kumi baadaye la 26 bila chochote kubadilika.

2. Shikilia toleo moja. Soma namba ya toleo kwenye kila boksi. Majaketi ya toleo moja kwa kawaida yametoka kwenye bando moja la aloi na kalibu zile zile, kwa hiyo kasoro zao zinafanana, na kasoro inayofanana inavumilika zaidi kuliko kasoro mchanganyiko. Kosa la kawaida ni kumimina maboksi matatu kwenye bakuli moja halafu kuanza kupanga kwa uzito. Ukishafanya hivyo umeua taarifa muhimu kuliko zote uliyokuwa nayo.

3. Angalia kwa macho. Anza na kitako, si ncha. Gesi inatoka nyuma ya kichwa kwa nguvu kubwa, na kitako chenye pembe iliyobonyea kinaiachia itoke bila usawa. Ncha iliyopinda kidogo haina madhara makubwa kwenye mita 100, ingawa kwenye masafa marefu inabadilisha jinsi hewa inavyokikaba kichwa. Mikwaruzo ya juu juu iache. Mfinyo au mkunjo kwenye jaketi weka pembeni.

4. Pima uzito, lakini kwa sababu sahihi. Washa mizani, iache ipoe au ipate joto la chumba, hakikisha na uzito wake, na rudia kila baada ya vichwa kumi. Lengo hapa si kutengeneza mafungu kumi yenye tofauti ya unywele. Unawasaka watoro. Kama vichwa 95 vya grein 168 (gramu 10.9) vimejikusanya ndani ya grein 0.3, na vitano vimeachwa mbali na wenzao, hivyo vitano vinatia shaka: pengine kuna uwazi wa hewa kati ya kiini na jaketi, au jaketi limeingia la kundi jingine. Uwazi wa hewa ndio adui mbaya zaidi, kwa sababu hewa haina uzito wa kulinganisha hata na aloi. Watoe. Waliobaki wote ni kundi moja. Yaache mafungu madogo madogo.

5. Pima kutoka kitako hadi mkunjo wa pua. Urefu wote hadi ncha hauna maana sana kwa vichwa vyenye tundu puani, kwa sababu ncha zao hazilingani. Mkunjo ndio unaokamata mifereji ya mtutu kwanza, kwa hiyo kipimo cha kitako hadi mkunjo kinaeleza zaidi. Panga kwa mafungu ya milimita 0.05. Ukipata mafungu mawili yaliyojitenga wazi ndani ya boksi moja, usishangae: mitambo kadhaa inaweza kulisha boksi moja.

6. Zungusha kwenye mfuo wa V. Laza kiwiliwili cha kichwa mfuoni, gusisha geji karibu na pua, zungusha taratibu kwa kidole kimoja bila kukibonyeza chini. Andika tofauti kati ya kisomo cha juu na cha chini, na weka nukta ya kalamu pale kisomo kinapokuwa juu zaidi. Rudia kwenye kitako. Onyo: kipimo hiki kinaona umbo la nje tu. Kalibu ya mwisho inaweza kukinyoosha kichwa kikawa duara safi huku ndani kiini kimekaa upande. Anayekwambia kwamba geji ya saa inapima msawazo anakuuzia geji ya saa.

7. Chungulia ndani kwa kutoa sadaka. Chukua vichwa vitatu vya toleo hilo, vichwa vitupu tu, kamwe si risasi nzima. Visugue upande wa kitako kwenye msasa laini uliolowa maji, juu ya kioo, hadi ufike usawa wa kiwiliwili. Maji ni lazima, kwa sababu vumbi la madini ya risasi ni sumu. Vaa glovu, usile wala kunywa hapo, nawa kwa sabuni ukimaliza, na msasa usirudi kwenye matumizi mengine. Tazama pete ya jaketi kwa lenzi na pima unene wake sehemu nne. Kalipa ya kawaida ya milimita 0.01 haitakuonyesha tofauti za jaketi bora, lakini itakuonyesha jaketi baya na uwazi wa hewa, kama upo.

   Ili ujue unachotafuta: kwa kichwa cha kipenyo cha milimita 7.82, tofauti ya ukuta ya milimita 0.025 kati ya upande mnene na mwembamba inahamisha kitovu karibu milimita 0.002. Kwenye msokoto wa 254 hiyo ni milimita 5 kutoka katikati kwenye mita 100. Majaketi yanayotafutwa na wapigaji wa mezani yana tofauti ya 0.008 au pungufu, na hapo unazungumzia milimita moja na nusu hivi. Wanaojitengenezea vichwa hupima jaketi likiwa tupu, kwa maikromita yenye kigoe cha duara. Hiyo ndiyo njia safi, ila kichwa kikishafungwa nafasi hiyo imepita.

8. Kiweke kichwa kikiwa wima. Hii ni kwa wale ambao tayari wanajazia risasi zao na wanafuata kitabu cha mtengenezaji wa baruti. Kama hufanyi hivyo, ishia hapa, maana hatua zinazofuata zinahitaji vichwa ulivyovipanga viwe tayari kwenye risasi. Kichwa chenye msawazo kamili kikiingia mtutuni kimeinama kinageuka kichwa kisicho na msawazo, kwa kuwa kitazunguka kwa mhimili ambao si wake. Laza risasi iliyokamilika kwenye kizungushio (kifaa cha kuizungushia risasi nzima ikiwa mahali pamoja), gusisha geji kwenye kichwa, na weka pembeni zilizozidi milimita 0.075. Ukibadilisha toleo au aina ya kichwa, shusha baruti na anza upya kutoka kiwango cha chini cha kitabu. Usibebe kipimo cha zamani kwa mazoea.

9. Pambanisha kwenye karatasi. Chukua 20 ulivyovichagua na 20 ulivyovikataa kwa kipimo kimoja, mathalani geji ya nje. Ukivikataa kwa sababu nyingi mchanganyiko hutajua ipi ndiyo iliyofanya kazi. Mwombe mwenzako azipange risasi kwenye boksi kwa alama anazozijua yeye tu. Piga moja ya kundi hili, moja ya kundi lile, kila kundi kwenye karatasi yake, hadi ziishe. Kupishanisha huku kunagawa joto la mtutu, uchafu na upepo kwa haki. Kupiga 20 zote nzuri asubuhi na 20 mbaya jua likiwa utosini ni kujidanganya mchana kweupe.

   Linganisha wastani wa umbali kutoka katikati. Kwa risasi 20 kwa 20, tofauti isiyofika theluthi inaweza kuwa bahati tu. Rudia siku nyingine kabla ya kuamini.

10. Jaribio la saa. Hili ni tamu kwa mwenye subira. Tumia vile vichwa ulivyovitia nukta vyenye kisomo kikubwa. Piga vitano nukta ikiwa juu chemba inapofungwa, vitano ikiwa kulia, vitano chini, vitano kushoto. Msawazo ukiwa mbaya na nukta ikiwa inalingana na upande mzito, katikati ya makundi manne itazunguka karatasini kama mishale ya saa. Usitegemee nukta ya juu kupeleka tundu juu: mtutu wa milimita 610 wenye msokoto wa 254 unakizungusha kichwa mara 2.4 kabla hakijatoka. Unachotafuta ni mpangilio wa mzunguko. Makundi manne yakilaliana mahali pamoja, ama msawazo wako ni mzuri, ama nukta yako haihusiani na uzito.

Makosa ya hatari

Usipige tupa kichwa ili "ukisawazishe". Ukuta wa jaketi ni mwembamba, na kwa mizunguko 200,000 kwa dakika jaketi lililodhoofishwa linaweza kupasuka hewani. Usivute vichwa kutoka kwenye risasi za kiwandani ili uvipange na kuvirudisha. Na kabla ya jaribio lolote hakikisha mdomo wa mtutu hauna jeraha, kwa sababu mdomo ulioumia unaiga dalili za kichwa kibaya na utakutuma kununua vichwa usivyovihitaji.

Mambo yakigoma

*Kundi ni duara na pana tangu mita 100, na upana wake unapanda sawasawa na umbali.* Dalili hii inalingana na msawazo, kwa sababu kichwa kilishatoka na pembe mbaya mdomoni. Lakini kundi la duara pia linatoka kwenye darubini iliyolegea. Kagua darubini kwanza, ni bure.

*Mita 100 ni safi, mita 300 matundu yamejipanga wima.* Usilaumu jaketi. Hiyo ni tofauti ya mwendo kati ya risasi na risasi, au vichwa vinavyokabwa na hewa kwa viwango tofauti. Rudi kwenye baruti, na kwenye ncha za vichwa.

*Matundu yana umbo la kichwa kilicholala ubavu.* Kichwa hakikusimama imara hewani: msokoto wa mtutu ni wa taratibu mno kwa urefu wake. Chagua kichwa kifupi zaidi. Kupanga kwa uzito hakutabadilisha kitu.

*Risasi haifiki kwenye karatasi, au kunaonekana mstari wa kijivu hewani.* Jaketi linapasuka. Acha kupiga kichwa hicho kwenye mtutu huo. Msokoto wa kasi, mwendo mkubwa na mtutu uliokwaruzika ndani vikikutana, jaketi jembamba halivumilii.

*Vilivyokataliwa vimepiga vizuri kuliko vilivyochaguliwa.* Inatokea, na mara nyingi maana yake ni kwamba kipimo ulichotumia kuchagua hakina uzito wowote kwenye bunduki yako. Kiache, tumia muda huo kupiga.

*Boksi jipya la aina ile ile limeharibu kila kitu.* Linganisha namba za toleo, kisha rudia hatua ya 4 hadi ya 7 kwa vichwa kumi tu vya boksi hilo na kumi vya zamani kama umebakiza. Kwa sababu hiyo hifadhi kumi za kila toleo zuri unalolipata, na ukikutana na toleo linalopiga vizuri, nunua maboksi mengi ya namba ile ile kwa mara moja badala ya kununua kizungushio kingine.